Spotilaiti za LED za Darini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kuzichagua, Volti Zake na Kuzififisha

Maswali haya yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee. Jibu linapohitaji maelezo yaliyokwisha kutolewa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika kwa namba yake. Volti 230 ndizo zinazotumika katika mifano mingi. Suala la nyumba zenye umeme wa volti 120 limejibiwa katika swali la 21.

## Mambo ya msingi

1. Mbona spotilaiti za LED zinauzwa kwa volti tofauti ilhali umeme wa nyumbani ni wa aina moja?

Kipande chenyewe cha LED kinachotoa mwanga hakijui volti 230 wala 12. Kinafanya kazi kwa takriban volti 3 za mkondo mnyoofu, na umeme wa gridi ni mkondo geu unaobadili mwelekeo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo kati ya waya wa ukutani na LED ni lazima pawe na kifaa cha kushusha volti na kunyoosha mkondo. Tofauti zote unazoziona dukani ni tofauti za mahali kifaa hicho kilipowekwa.

Katika taa ya volti 230 kifaa hicho kimefichwa ndani ya kitako cha balbu. Katika taa ya volti 12 kazi imegawanywa mara mbili: transfoma iliyo juu ya dari hushusha 230 kuwa 12, kisha saketi ndogo ndani ya balbu humalizia. Katika taa ambayo haina balbu ya kubadilishwa, kifaa hicho ni kisanduku cha pembeni kinachoitwa draiva. Karibu kila tatizo la kufifisha taa hurudi hapo: kifaa hicho kiko wapi, ni cha aina gani, na je, kinaelewana na dima, yaani swichi ya kufifisha, iliyo ukutani?

2. GU10 na MR16 zinatofautianaje?

Zote mbili huwa na uso wa kipenyo cha takriban milimita 50, na ndiyo maana wengi huzichanganya. Herufi MR16 hutaja umbo na ukubwa: 16 ni idadi ya sehemu za nane za inchi, yaani inchi 2. GU10 hutaja kitako: pini mbili nene zilizo umbali wa milimita 10, ambazo huingizwa na kuzungushwa hadi zikaze. Balbu ya MR16 ya volti 12 kwa kawaida ina kitako cha GU5.3, yaani pini nyembamba zilizo umbali wa milimita 5.3, ambazo husukumwa moja kwa moja ndani ya holda.

Tofauti hiyo ya pini si ya urembo. Imewekwa ili balbu ya volti 12 isiweze kuingia kwenye holda ya volti 230, kwa sababu ingeungua papo hapo. Kwa hiyo fundi anayelazimisha pini kwa koleo, au anayebadilisha holda bila kukagua waya unakotoka, anaondoa kinga pekee iliyokuwapo.

3. Nichague volti 230, 12 au 24?

Kwa nyumba inayowekewa taa upya, ushauri wangu ni volti 230 zenye kitako cha GU10, isipokuwa kama kuna sababu mahsusi ya kufanya vingine. Vifaa vinavyopaswa kuelewana ni viwili tu, balbu na dima, na balbu ikifa mwenye nyumba huibadilisha mwenyewe bila kutafuta transfoma iliyojificha juu ya dari.

Volti 12 zina maana pale ambapo tayari kuna transfoma nzuri na waya zake, katika maeneo yenye maji (swali la 18), au pale umeme unapotoka kwenye betri (swali la 19). Volti 24 huonekana zaidi kwenye mikanda ya LED na kwenye mifumo inayojengwa kwa draiva moja kubwa. Faida yake juu ya volti 12 ni kupungua kwa upotevu kwenye waya, kama inavyoelezwa katika swali la 9.

4. Wati ngapi za LED zinatosha badala ya halojeni ya wati 50?

Balbu ya LED ya wati 4.5 hadi 6 kwa kawaida hutosha, lakini wati si kipimo cha mwanga. Soma lumeni. Halojeni ya GU10 ya wati 50 hutoa takriban lumeni 350 hadi 400, na hizo ndizo za kutafuta kwenye boksi. Halojeni za volti 12 zilikuwa na ufanisi zaidi, kwa hiyo anayebadilisha MR16 ya wati 50 atafute lumeni nyingi zaidi kidogo asije akalalamika kwamba chumba kimekuwa na giza.

## Kuchagua mwanga wenyewe

5. Pembe ya mwale ina umuhimu gani?

Ina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu vyumba vingi, kwa sababu mnunuzi hushindanisha wati na bei na kuisahau. Taa mbili zenye lumeni zilezile zinaweza kutoa matokeo tofauti kabisa: yenye nyuzi 24 hutoa doa dogo kali, na yenye nyuzi 60 hutandaza mwanga.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme dari iko mita 2.4 kutoka sakafuni na meza ya jikoni ina urefu wa mita 0.9, hivyo umbali kati yao ni mita 1.5. Taa ya nyuzi 24 itaangaza duara la takriban mita 0.6 juu ya meza, ya nyuzi 38 duara la takriban mita 1, na ya nyuzi 60 duara la takriban mita 1.7. Ukipanga taa za nyuzi 38 kila baada ya mita 2, utapata madoa yenye giza katikati yake hata ukiongeza wati.

Ukali wa mwanga katikati ya duara hupimwa kwa kandela, na luksi (kiasi cha mwanga kinachoangukia eneo) zinazofika juu ya meza ni kandela ukigawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Taa ya kandela 600 hutoa takriban luksi 267 kwa umbali wa mita 1.5, lakini luksi 104 tu kwenye sakafu iliyo mita 2.4. Kwa sehemu ya kukatia mboga, luksi 300 hadi 500 ni kiasi kizuri, na taa mbili ambazo miduara yake inaingiliana hukifikia bila shida.

Jambo jingine: usiweke taa nyuma ya kichwa cha anayesimama kazini. Taa iliyo katikati ya jiko humfanya mpishi ajitilie kivuli mwenyewe. Isogeze mpaka iwe juu ya ukingo wa meza ya kazi.

6. Nichague Kelvini 2700, 3000 au 4000?

Kelvini 2700 ni mwanga wa manjano wa balbu za zamani na unafaa sebuleni na chumbani, hasa pale unapokusudia kufifisha. Kelvini 3000 ni mweupe kidogo, karibu na halojeni. Kelvini 4000 ni mweupe wa kazi. Ukififishwa sana, wengi huuona kuwa wa kijivu na wa baridi.

Pamoja na Kelvini, soma kipimo cha uaminifu wa rangi, ambacho huandikwa CRI au Ra. Thamani ya 80 ni ya kawaida. 90 na kuendelea huonyesha ngozi, mbao na vyakula kwa rangi zake. Kipimo kiitwacho R9 kinahusu rangi nyekundu iliyokolea, ambayo LED za bei nafuu hushindwa kuionyesha vizuri, na mtengenezaji asiyekiandika mara nyingi hana cha kujivunia.

## Transfoma na draiva

7. Je, transfoma zangu za halojeni zinaweza kubaki nikiweka LED za volti 12?

Wakati mwingine. Transfoma za halojeni ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya sumaku, yaani koili za shaba kwenye chuma. Ni nzito, hutoa volti 12 za mkondo geu wa masafa yaleyale ya gridi, na kwa kawaida haijali kama mzigo ni mdogo. Ikiwa na mzigo mdogo volti zake hupanda kidogo juu ya 12, jambo ambalo balbu nyingi za LED hulivumilia.

Ya pili ni ya kielektroniki. Ni nyepesi, hutoa volti 12 zinazobadilika kwa kasi ya makumi ya maelfu ya hezi, na hudai mzigo wa chini ili ifanye kazi. Ukisoma lebo yake utakuta maandishi kama 20–60 VA au 35–105 VA (VA ni volti-ampea, kipimo cha mzigo kinachokaribiana na wati). Namba ya kwanza ndiyo yenye tatizo: balbu moja ya halojeni ya wati 35 iliifikia, lakini balbu ya LED ya wati 5 haiifikii hata kwa mbali. Matokeo yake ni transfoma inayowaka na kuzima mfululizo, na taa zinazopepesa. Katika hali hiyo ni heri kuweka transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, yenye mzigo wa chini wa 0 au 1 VA, kuliko kujaribu balbu za kila chapa hadi ipatikane inayovumilia.

8. Draiva ya volti thabiti na ya mkondo thabiti zinatofautianaje?

Draiva ya volti thabiti hutoa volti 12 au 24 bila kubadilika, na taa huungwa sambamba, kila moja ikichukua mkondo inaouhitaji. Jumla ya wati isizidi wati za draiva. Kubakiza nafasi ya asilimia 20 ni desturi nzuri.

Draiva ya mkondo thabiti hufanya kinyume: hutoa mkondo usiobadilika, kwa mfano miliampea 350, 500 au 700, na kuacha volti zijipange kulingana na mzigo. Taa zake huungwa mfululizo, na jumla ya volti zake lazima iwe ndani ya masafa yaliyoandikwa kwenye draiva, mathalani volti 9 hadi 42. Taa ya miliampea 350 iliyofungwa kwenye draiva ya 700 itang'aa sana kwa muda mfupi, kisha itakufa.

Kosa moja la mafundi linastahili kutajwa hapa. Draiva ya mkondo thabiti iliyowashwa bila taa hupandisha volti hadi kikomo chake. Ukiunga taa wakati huo, hupigwa na mkondo mkali wa ghafla na inaweza kufa hapo hapo. Unga taa zote kwanza, ndipo uwashe umeme.

9. Mbona taa ya mwisho wa waya ina mwanga hafifu kuliko ya kwanza?

Ni kushuka kwa volti kwenye waya, na ni ugonjwa wa volti ndogo. Chukua taa 6 za wati 6, jumla wati 36. Kwa volti 12 zinahitaji ampea 3. Kwa volti 230 zinahitaji takriban ampea 0.16 tu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban ohm 12 kwa kilomita. Ukiuvuta mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20, na taa zote zikiwa upande wa mwisho utapoteza karibu volti 0.7. Hiyo ni asilimia 6 ya volti 12. Kwa volti 24 mkondo unakuwa nusu, upotevu ni takriban volti 0.36, na hiyo ni asilimia 1.5 tu.

Tiba ni kutumia waya mnene zaidi, kuweka transfoma karibu na taa, au kuvuta waya wa kila taa moja kwa moja kutoka kwenye transfoma badala ya kuunganisha taa kwa taa. Kwa transfoma za kielektroniki za halojeni, watengenezaji wengi huweka pia kikomo cha mita 2 za waya upande wa volti 12, kwa sababu masafa yake ya juu huvuruga mawimbi ya redio.

## Kufifisha

10. Je, kila taa ya LED inaweza kufifishwa?

Hapana. Balbu isiyoandikwa kuwa inafifishika ina saketi inayojitahidi kuweka mwanga uleule hata volti zikishuka, hivyo dima inapokata sehemu ya umeme, saketi hiyo hupambana nayo. Balbu itapepesa, itavuma, au itazimika ghafla, na ikiendelea hivyo inaweza kuharibika pamoja na dima. Tafuta neno au alama ya kufifishika kwenye boksi, na usitegemee maneno ya mdomo.

Hata alama hiyo haimalizi maswali yote. Inasema balbu imeundwa kufifishwa, haisemi kwa dima gani. Watengenezaji makini huchapisha orodha ya dima walizozijaribu. Pale ambapo hakuna orodha, nunua balbu moja na dima moja, zifunge, zijaribu kwa usiku kadhaa, ndipo ununue zilizobaki. Kumbuka kwamba balbu moja inaweza kupepesa kwa sababu tu mzigo ni mdogo, hivyo jaribio la balbu tatu au nne ni bora zaidi.

11. Dima za ukingo wa mbele na za ukingo wa nyuma ni zipi?

Umeme wa gridi huja kama mawimbi. Dima ya ukutani hufifisha kwa kukata sehemu ya kila nusu wimbi. Ya ukingo wa mbele hukata mwanzo wa wimbi: inangoja, kisha inawasha ghafla, na kazi hiyo hufanywa na kipande kiitwacho triaki. Iliundwa kwa ajili ya balbu za nyuzi (zile zenye waya mwembamba unaong'aa ndani) na transfoma za sumaku. Ya ukingo wa nyuma huwasha wimbi linapoanzia kwenye sifuri na kulikata mwishoni, kwa kutumia transista. Kwa kuwa volti hupanda taratibu, kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) zilizo ndani ya balbu za LED hazipigwi na mkondo wa ghafla, na taa hutulia zaidi.

Ndiyo maana kwa LED za volti 230 na kwa transfoma za kielektroniki huchaguliwa ukingo wa nyuma. Lakini transfoma ya sumaku haipatani nao: koili inapokatiwa mkondo katikati ya safari huzalisha miruko ya volti inayoweza kuua dima. Angalia herufi zilizochapwa kwenye dima. L inamaanisha transfoma za sumaku, C transfoma za kielektroniki na mizigo ya aina hiyo, na R balbu za nyuzi. Dima yenye R, L na C kwa pamoja hujua mzigo wake yenyewe au huruhusu kuchagua, na kwa nyumba ya zamani ambayo hakuna anayejua kilichomo darini, gharama yake ya ziada inastahili.

12. Dima yangu imeandikwa wati 400. Je, ninaweza kuweka taa 80 za wati 5?

Usifanye hivyo. Wati 400 hizo ni za balbu za nyuzi. LED huchukua mkondo wake kwa vipande vifupi vikali, kwa hiyo dima huchoka kwa mzigo mdogo zaidi. Kwa dima za ukingo wa mbele, mafundi wengi huhesabu sehemu ya kumi, yaani wati 40 za LED kwa dima ya wati 400. Dima za kisasa huandikwa kikomo cha LED peke yake, na hicho ndicho cha kufuata, pamoja na idadi ya juu ya taa ikiwa imetajwa.

Kuna pia kikomo cha chini. Dima za zamani hudai wati 40 au 60 ili zitulie, na taa 4 za wati 5 hazizifikishi. Hili ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya watu waliobadilisha balbu bila kubadilisha dima.

13. Dima inawekwa upande gani wa transfoma?

Dima ya ukutani inayokata wimbi huwekwa upande wa volti 230, kabla ya transfoma, na transfoma yenyewe lazima iwe ya kufifishika. Kamwe usiiweke upande wa volti 12.

Upande wa volti 12 au 24 za mkondo mnyoofu hutumika kifaa kingine, ambacho huwasha na kuzima taa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde kiasi kwamba jicho huona wastani tu. Njia hiyo huandikwa PWM kwenye vifaa. Katika mpangilio huo draiva hubaki ikipata umeme kamili, na huna haja ya draiva inayofifishika.

14. Mbona nikizungusha dima hadi nusu chumba hakionekani kuwa na nusu ya mwanga?

Kwa sababu jicho halihesabu kama kipimo cha luksi kinavyohesabu. Mwanga ukipunguzwa hadi asilimia 25, jicho huuona kama nusu. Ukipunguzwa hadi asilimia 10, huuona kama theluthi moja. Taa ambayo boksi lake linasema inashuka hadi asilimia 10 bado itakuwa na mwanga mwingi mno kwa chumba cha kutazamia sinema. Kwa mazingira hayo tafuta asilimia 1 au chini.

Kuhusu rangi: halojeni ilizidi kuwa ya manjano kadiri ilivyofifia, kwa sababu waya wake ulikuwa unapoa. LED ya kawaida hubaki na rangi ileile, na wanaozoea halojeni huona mwanga umepoa. Zipo LED zilizoundwa kuigiza halojeni, zikishuka kutoka karibu Kelvini 3000 hadi karibu 1800. Kwa sebule, ni anasa inayolipa.

15. 1–10 V na DALI ni za nini, na je, nyumba inazihitaji?

Katika njia hizi waya za umeme hubeba umeme kamili, na amri ya kufifisha hupita kwenye waya mbili za pembeni hadi kwenye draiva. Kwa 1–10 V, volti 10 ni mwanga wote na volti 1 ni mwanga wa chini kabisa. Kuzima kabisa huhitaji swichi ya pekee. DALI hutuma ujumbe wa kidijitali, na mstari mmoja hubeba hadi draiva 64, kila moja na anwani yake.

Nyumba ya kawaida haizihitaji. Zinafaa pale ambapo kuna taa nyingi za mkondo thabiti na ukuta bado uko wazi, kwani kuongeza waya mbili baada ya lipu ni kazi ya kubomoa.

## Matatizo yanayojirudia

16. Taa zinapepesa, zinavuma, au hazizimiki kabisa. Nianzie wapi?

Kupepesa kunakoonekana kwa macho mara nyingi ni mzigo mdogo mno, dima ya aina isiyofaa, au kiungo kilicholegea. Geuza dima hadi mwisho wa juu. Zikitulia hapo na kupepesa chini, dima nyingi za LED zina skurubu au kitufe cha kuweka kiwango cha chini, kipandishe kidogo. Zikipepesa hata kwa mwanga wote, shuku transfoma (swali la 7) au viungo vya waya. Zikipepesa saa fulani tu za usiku, huenda ni ishara za udhibiti zinazotumwa kwenye gridi, na dima yenye uchujaji bora husaidia.

Kupepesa kusikoonekana ni jambo jingine. Taa zenye saketi duni hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde kwa umeme wa hezi 50, na mara 120 kwa hezi 60. Elekeza kamera ya simu kwenye taa. Mistari myeusi inayotembea kwenye kioo ni dalili. Wapo wanaopata maumivu ya kichwa kwa sababu yake bila kujua chanzo.

Kuvuma hutoka ama kwenye dima ama kwenye balbu. Sogeza sikio ujue ni ipi kabla ya kununua chochote. Dima ya ukingo wa mbele ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Mwanga hafifu unaobaki baada ya kuzima husababishwa na mkondo mdogo mno unaopenya kupitia taa ya kiashirio ndani ya swichi, kupitia dima yenyewe, au kupitia waya mbili ndefu zinazolala sambamba. Balbu ya nyuzi isingeuhisi, LED huuhisi. Ondoa kiashirio hicho, au fundi aweke kapasita ya kupitisha mkondo huo sambamba na taa. Kwa sababu hiyohiyo, dima iliyozimwa isihesabiwe kuwa imekata umeme: kabla ya kugusa waya, zima kwenye breka na upime.

17. Breka inaruka ninapowasha taa zote kwa pamoja, ilhali wati ni chache. Kwa nini?

Kapasita za balbu na draiva hujaa kwa mpigo mara umeme unapofika. Mpigo huo hudumu chini ya elfu moja ya sekunde lakini unaweza kuwa makumi ya mara ya mkondo wa kawaida, na draiva 20 zikijaa pamoja breka huona kama kuna hitilafu. Gawa taa kwenye swichi mbili au tatu, au fundi aangalie kama breka ya aina C inafaa badala ya B. Usiongeze ampea za breka ili kunyamazisha tatizo.

## Hali za pekee

18. Je, spotilaiti hizi zinafaa juu ya bafu?

Inategemea umbali. Viwango vya kimataifa hugawa bafu katika kanda. Ndani ya beseni lenyewe huruhusiwa tu volti ndogo za usalama, zisizozidi 12 za mkondo geu, na transfoma iwe nje ya kanda za maji. Juu ya beseni au sehemu ya manyunyu, hadi urefu wa mita 2.25, taa iwe na kinga ya maji ya angalau kiwango cha IPX4. Wengi huchagua IP65 kwa utulivu wa moyo. Taratibu za nchi yako zinaweza kuwa kali zaidi, na hizo ndizo za kufuatwa.

19. Nina betri ya sola ya volti 12. Je, MR16 za LED zitafanya kazi?

Zitafanya ikiwa zimeandikwa kwamba zinapokea AC (mkondo geu) na DC (mkondo mnyoofu), na ikiwa zinavumilia masafa ya volti. Betri ya volti 12 haikai kwenye 12: hushuka kuelekea 11 inapoishiwa na kupanda hadi 14.4 inapochajiwa. Balbu yenye masafa kama volti 10 hadi 30 ni salama. Iliyojengwa kwa 12 kamili itaishi maisha mafupi. Kufifisha kunafanywa kwa PWM (swali la 13), lakini jaribu kwanza balbu moja, kwa sababu balbu zenye udhibiti mkali wa ndani hupuuza PWM kabisa.

20. Je, ninaweza kuchanganya chapa, halojeni, au balbu janja kwenye dima moja?

Chapa tofauti hufifia kwa mwendo tofauti: moja itazimika wakati nyingine bado inang'aa. Kuacha halojeni moja kati ya LED ili kuongeza mzigo ni hila ya zamani inayofanya kazi, ila rangi hazitafanana na umeme unaookolewa unapungua. Balbu janja, ile inayoamriwa kwa simu, isiwekwe kamwe nyuma ya dima; inahitaji umeme kamili ili redio yake iishi.

Dima mbili kwa taa zilezile pia hazifai. Mahali penye milango miwili, weka dima upande mmoja na swichi ya njia mbili upande wa pili, au dima yenye kitufe cha ziada kilichokubaliwa na mtengenezaji.

21. Nimehamia nchi yenye volti 120. Je, taa zangu zitawaka?

Balbu ya 230 kwenye 120 itafifia au haitawaka. Ya 120 kwenye 230 itaungua. Balbu zilizoandikwa 100–240 huwaka popote, lakini mara nyingi hazififishiki kwa dima ya ukutani, kwa sababu zimeundwa kusawazisha kila mabadiliko ya volti.

22. Boksi linasema saa 25,000, lakini taa zangu zimekufa kwa miaka miwili. Nini kimezidi?

Karibu daima ni joto. LED hairushi joto lake mbele kama balbu ya nyuzi. Joto huelekea nyuma kwenye mbavu za kupozea, na likikosa njia hukaa ndani ya kitako, mahali zilipo kapasita. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita za aina hiyo kwa nusu. LED yenyewe huwa bado nzima. Kinachokufa ni saketi inayoilisha.

Usifunike taa kwa sufi ya kuzuia joto isipokuwa kama fremu yake imeandikwa kuruhusu hivyo. Acha nafasi au weka kofia maalumu ya kinga. Usifunge draiva juu ya mgongo wa taa. Dari iliyo chini ya ghorofa nyingine huenda ni kizuizi cha moto, na kila tundu linalokatwa hukidhoofisha, kwa hiyo hapo zinahitajika fremu zilizothibitishwa kwa kazi hiyo. Kufifisha kwenyewe hakufupishi maisha ya taa: taa inayotumiwa kwa nusu ya mwanga hupoa, na hudumu zaidi.